Nyimbo zinaisimamisha hadithi yangu: Sagara Sangamam walifanyaje?

UkutiWaMnazi ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Nina mswada wa filamu fupi ya dakika 25. Mwimbaji wa taarab wa Tanga, kipaji anacho, jina hana. Mtangazaji wa redio, mwanamke, anamsikia harusini, anamtafutia nafasi kwenye tamasha kubwa, penzi linachipuka, halafu inabainika kwamba yule dada ana mume waliyetengana bila talaka. Waliotazama Sagara Sangamam ya 1983 wameshajua mifupa nimeitoa wapi, na sikatai.

Shida ni nyimbo. Ninazo tatu, kila moja dakika tano, na kila moja ikiingia hadithi inasimama mpaka iishe. Filamu ile ya Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, inakwenda saa mbili na dakika arobaini hivi, imejaa nyimbo, na bado inatembea. Naomba wanaoijua vizuri wanipasulie. Kwanza, nyimbo zake zimepangwa vipi ndani ya hadithi? Pili, wimbo unarekodiwa na kupigwa picha kwa utaratibu gani ili mdomo na sauti visipishane? Vifaa ni simu mbili na kamera moja ya kukodi, kwa hiyo msinipe ushauri wa watu wenye kreni.

---

Njuga7 amejibu:

Dakika 15 za kuimba ndani ya dakika 25 ni onyesho la taarab lenye maigizo katikati. Kwa urefu wako jumla ya kuimba isizidi dakika 6: wimbo mmoja wa dakika mbili na nusu, mwingine wa dakika mbili, na kipande cha sekunde 40 hadi 60 mwishoni.

Wimbo wa filamu ya Kitelugu una pallavi, ambayo ndiyo kiitikio, kisha charanam, yaani beti, mara nyingi mbili. Katikati huwa kuna kipande cha ala tupu. Wengi hudhani kipande hicho ni cha waimbaji kupumua, kumbe ndipo mwongozaji anapofanyia kazi yake kubwa: siku zinaruka, barua inafunguliwa, mtu anatokea mlangoni. Wewe chukua kiitikio, ubeti mmoja, ala sekunde 15 hadi 20, kiitikio tena, basi. Ule utangulizi mrefu wa fidla na kanuni tunaoupenda kwenye taarab asilia ukate bila huruma, au uuweke chini ya mazungumzo ya onyesho lililotangulia.

Sasa filamu yenyewe. Mwongozaji wake, K. Viswanath, kabla ya kuongoza filamu alikuwa fundi sauti katika studio za Vauhini huko Madras, na hilo linasikika. Muziki ni wa Ilaiyaraaja, maneno ya Veturi. Fuatilia kila wimbo unafanya kazi gani.

Om Namasivaya unakuja mapema. Sailaja, binti wa kizazi kipya, anacheza jukwaani na watu wanapiga makofi. Balu, mhusika mkuu na mcheza ngoma, ambaye wakati huo ni mzee wa pombe anayeandika uhakiki gazetini, anamchana. Binti anakasirika, wanakutana ofisini kwa mhariri, na pale kati ya meza Balu anauchukua mstari uleule wa wimbo na kuucheza kwa mitindo mbalimbali kuonyesha ulivyopaswa kuchezwa. Angalia ujanja wake: mara ya kwanza umeutazama wimbo kama mtazamaji wa kawaida, ukaona mambo safi. Mara ya pili umeshafundishwa kuona, na ukubwa wa yule mlevi umeuona kwa macho yako bila mtu kukuhutubia kwamba "zamani huyu alikuwa hatari".

Kwako wewe: mstari mmoja, si wimbo mzima, uimbwe harusini watu wakipakua pilau na hakuna anayesikiliza isipokuwa yule mtangazaji. Dakika nne baadaye mstari uleule usikike studioni, chumba kimya, maikrofoni moja. Sekunde 12 kule, wimbo wako wa dakika mbili na nusu huku. Huhitaji mtu wa kusema jamaa ana kipaji.

Mounamelanoyi ni wimbo wa penzi ambalo halijatamkwa. S. P. Balasubrahmanyam na S. Janaki wanaimba, na maneno yanauliza kwa nini kimya usiku huu usiosahaulika. Wimbo unasema ambacho Balu na Madhavi, mwanamke anayempenda, hawaambiani. Kosa la waandishi wengi wa kwetu ni kuwafanya wahusika watamkiane "nakupenda" kwenye mazungumzo, halafu waimbe tena jambo lilelile. Ukishasema, usiimbe. Ukitaka kuimba, futa mazungumzo yanayosema hivyo.

Takita Tadhimi, miaka mingi baadaye. Balu amelewa, anacheza juu ya ukingo wa kisima, mvua inapiga. Madhavi anamkimbilia. Mume wake ameshafariki, lakini mbele ya Balu amejipaka ile alama nyekundu ya paji la uso, ili Balu aendelee kuamini kwamba mume yupo na maisha yake yamenyooka. Mvua inataka kuiosha. Balu ananyoosha kiganja kuikinga ile alama isilowe. Yeye hajui kwamba mume hayupo, mtazamaji anajua. Kiganja kimoja kimebeba mapenzi yote ya filamu, na wala si tukio la kimapenzi ukilitazama juujuu: ni mtu anakinga ndoa ya mwenzake isipate mkosi.

Vedam Anuvanuvuna ndio mwisho. Sailaja anacheza jukwaani, mwalimu wake yupo kwenye kiti cha magurudumu, anafariki onyesho likiendelea, na rafiki yake Raghu anamtoa nje kimyakimya ili onyesho lisikatishwe. Wimbo unaendelea huku hadithi inamalizika ndani yake. Kila mmoja kati ya hizo nne ukiuondoa, onyesho linalofuata linapwaya. Pima zako tatu kwa kipimo hicho, ninahofia utabaki na moja na nusu.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa: umaarufu haukuimbwa. Tukio kuu la umaarufu ni la karatasi. Madhavi anampa Balu kijitabu cha ratiba ya tamasha la ngoma la Delhi. Anafungua ukurasa baada ya ukurasa, picha za magwiji, anawashangilia mmoja mmoja, mpaka anafika kwenye ukurasa wenye picha yake mwenyewe. Hakuna wimbo. Kisha mama yake anafariki kabla ya tamasha na jukwaa lile hapandi kamwe, kwa hiyo umaarufu wake wote mkubwa mtazamaji ameuona kwenye ukurasa mmoja tu. Wewe una mwimbaji anayefika tamashani. Kila mtu atategemea wimbo mkubwa pale. Mimi nisingeuweka.

---

KayambaLaJuzi amejibu:

Njuga7 amechambua vizuri ila amempa mtoa mada mfano wa gharama. Sagara Sangamam imesimama juu ya miguu ya Kamal Haasan, anayemwigiza Balu. Ngoma inataka nafasi, sakafu nzuri, shoti pana, mazoezi ya wiki kadhaa, na mtu aliyesomea. Mtoa mada ana mwimbaji, na mwimbaji wa taarab anaimba ameketi au amesimama palepale.

Filamu ya kuisoma ni Sankarabharanam, ya mwongozaji huyohuyo na mtayarishaji huyohuyo, Edida Nageswara Rao, iliyotoka Februari 1980. Mhusika mkuu ni mzee Sankara Sastri, mwimbaji wa muziki wa jadi wa kusini mwa India. Anayemwigiza, J. V. Somayajulu, hakuwa nyota kabla ya filamu hiyo, na sauti ya kuimba ni ya Balasubrahmanyam. Muda mwingi mzee ameketi sakafuni. Kinachosogea ni nyuso za wanaosikiliza, mikono inayohesabu mapigo gotini, mlango unaofunguliwa. Shoti za namna hiyo hata simu inazimudu.

Na umaarufu unaozama upo pale wazi kuliko kwenye ile ya ngoma. Ladha ya watu inahama, wanataka muziki wa vijana, na vyumba vilivyokuwa vinajaa vinabaki vitupu. Kuna tukio la vijana wanaopiga muziki wa kizungu usiku na kumkebehi. Mzee anaurudia wimbo wao wote kwa sa-ri-ga-ma, majina ya noti za Kihindi, bila kukosea, halafu anaimba chake na kuwaambia nao warudie. Wanashindwa. Tukio hilo halizidi dakika chache na linafanya kazi ya hotuba nzima kuhusu muziki wa zamani na wa sasa. Taarab asilia na modern taarab wana ugomvi huohuo, kwa hiyo unaweza kupata kitu cha kwako bila kunakili.

Mapenzi pale ni ya heshima. Tulasi, mtoto wa mwanamke wa danguro, anamuabudu yule mzee kwa sababu ya muziki wake. Hakuna wimbo hata mmoja wa wawili hao kuzungukana kwenye miti. Mwishoni mzee anazidiwa jukwaani katikati ya wimbo, na mtoto wa Tulasi, mwanafunzi wake, anaupokea wimbo pale ulipokatika na kuumalizia. Kama unatafuta mwisho wa dakika moja kwa filamu ya dakika 25, uchunguze huo: wimbo mmoja, sauti mbili, makabidhiano yamekamilika.

Kwa wanaopima kwa tuzo, zote mbili zilipata tuzo za taifa za filamu za India kwa muziki na kwa uimbaji wa Balasubrahmanyam. Sankarabharanam iliongeza ya mwimbaji wa kike, Vani Jairam. Mtunzi wake ni K. V. Mahadevan, si Ilaiyaraaja. Naona watu humu huwa wanachanganya.

Kuhusu mume aliyetengana, ukitaka kuona suala la ndoa ya awali linavyomla mtu mwenye jina, tazama Mahanati ya 2018, maisha ya nyota Savitri. Gemini Ganesan alikuwa ameshaoa alipofunga naye ndoa. Nyimbo zake si za kiwango cha hizo mbili, ila mpangilio wa kupanda na kushuka kwa jina ni mzuri.

---

Njuga7 amejibu:

Nakubali kuhusu gharama. Sikubali kwamba mwimbaji aliyeketi ni rahisi. Aliyeketi anakunyima mwendo, kwa hiyo kila kosa la mdomo linaonekana, tena kwa shoti ya karibu. Somayajulu anaaminika kwa sababu shingo, tumbo na mkono vinafanya kazi pamoja na sauti isiyo yake. Hapo ndipo swali la pili la mtoa mada lilipo, na Mhariri yupo mtandaoni, namuachia.

---

MhaririKimya amejibu:

Nimeitwa. Utaratibu wao kwanza, kisha wa kwako.

Kule mwongozaji humweleza mtunzi hali ya onyesho: nani, wapi, kitu gani kimetokea, kitu gani hakijasemwa. Mtunzi hutoa sauti ya wimbo kwa silabi tupu, tana-na-na. Mwandishi wa maneno anaweka maneno juu ya vipimo vya hizo silabi. Kisha wimbo unarekodiwa na mwimbaji wa studio, na siku ya kupiga picha unapigwa kwenye spika, mwigizaji anaufuata. Yaani sauti inatangulia picha siku zote. Vijana wengi wa kwetu wanafanya kinyume: wanapiga picha na sauti ya muda, wanaahidi kuimba vizuri baadaye. Ukibadilisha kasi ya wimbo hata kidogo baada ya hapo, picha zote umezitupa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kamera funga kasi. Kwa filamu ya fremu 25 kwa sekunde kuna kasi zinazogawanyika vizuri: mapigo 60 kwa dakika ni fremu 25 kwa pigo, 75 ni fremu 20, 100 ni fremu 15, 125 ni fremu 12. Mzunguko wa mapigo manane kwa kasi ya 100 unakuwa fremu 120 kamili, hivyo ukikata picha kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko hukati nusu fremu nje. Kwa kasi ya 90 mzunguko huohuo ni fremu 133 na theluthi, na kila mkato unakuwa wa kukadiria. Si dhambi, ila inachosha. Kama kikundi cha taarab hakipendi kufuata mlio wa kuhesabu, na wengi hawapendi, basi warekodi pamoja mara moja, chagua teki (rekodi) moja, hiyo ndiyo sheria. Usiunge teki mbili.

Andaa faili la pleibeki, yaani wimbo unaopigwa kwenye spika wakati wa kupiga picha, tofauti na la filamu. Sauti ya mwimbaji iwe juu kuliko kawaida, ala chini, ili mwigizaji asikie pumzi. Mbele ya kila ubeti weka milio minne kwa kasi ya wimbo. Kata faili vipande: kiitikio, ubeti, ala, kiitikio cha mwisho, kila kimoja kikianza na milio yake. Hifadhi WAV ya 48 kHz na rekodi zote ziwe hivyo. Chapisha maneno kwa herufi kubwa, weka alama ya mkwaju kila mwimbaji anapovuta pumzi. Mwigizaji ajifunze pumzi kabla ya maneno. Mdomo unaopatia maneno huku kifua kimetulia ndio unaomfanya mtazamaji aseme "huyu anaigiza" hata asipojua kwa nini.

Na aimbe kweli, kwa sauti, hata kama ana sauti mbaya. Asitikise midomo tu. Koo lisilofanya kazi linaonekana.

Spika na umbali. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mita 14 ni karibu fremu moja ya kuchelewa. Ukiweka spika kando ya kamera na mwimbaji yuko mita 28, ameshachelewa fremu mbili, na jicho linaanza kulalamika. Weka spika karibu na mwimbaji, nje ya picha, mita 2 au 3.

Bluetooth ndiyo inayowamaliza watu, na sababu huwa hawaijui. Spika ya Bluetooth inachelewa, mara nyingi sehemu ya kumi ya sekunde hadi theluthi. Kuchelewa peke yake si tatizo kama kamera nayo inasikia spika ileile kwa maikrofoni yake, maana utalinganisha kile kamera ilichosikia na faili la asili na kila kitu kitakaa. Tatizo linakuja ukiipelekea kamera muziki kwa waya huku mwigizaji anausikia kwa Bluetooth. Hapo kamera imesikia mapema, mwigizaji amechelewa fremu 2 hadi 8, na kwenye kompyuta mawimbi ya sauti yanalingana kabisa huku mdomo umepishana. Utakaa usiku mzima unatafuta kosa. Tumia waya kwa spika, au wote wawili wasikie kitu kimoja.

Simu: programu ya kamera inayokuja nayo mara nyingi inarekodi kwa fremu zisizo thabiti, zinapanda na kushuka kidogo kulingana na mwanga na joto. Mwanzo wa wimbo mdomo uko sawa, dakika ya pili umeteleza. Weka programu inayokuwezesha kufunga fremu 25, funga pia mwanga na rangi, na piga picha kwa vipande vya sekunde 40 badala ya wimbo mzima. Ukikuta klipu imeshaharibika, ibadilishe kwanza kuwa ya fremu thabiti kwa programu ya HandBrake kabla ya kuiingiza kwenye taimlaini ya kuhariri.

Mpangilio wa siku: wimbo wa dakika mbili, mtu mmoja ameketi, tenga nusu siku. Teki mbili za wimbo wote kwa shoti pana. Kisha uso, vipande vyote, teki tatu tatu. Kisha mikono. Mwisho wasikilizaji, na hao waimbiwe wimbo kweli. Usiwape pleibeki ya simu halafu utegemee waguswe.

---

UkutiWaMnazi ameandika:

Mhariri, suala la Bluetooth na waya limenifumbua macho. Maswali mawili ya ziada. Nina onyesho la mvua, anaimba kando ya bandari, nataka mwendo wa polepole lakini mdomo ufuate wimbo. Inawezekana kwa simu? La pili, kiitikio changu kimoja kimejengwa juu ya sauti ya wimbo wa filamu ya Kihindi ya zamani, kama wazee walivyokuwa wanafanya. Kuna shida?

---

MhaririKimya amejibu:

Inawezekana. Ukirekodi fremu 50 na kuzionyesha kwa 25, mwendo unakuwa nusu. Ili mdomo ulingane, pleibeki ipigwe kwa kasi mara mbili, yaani mwigizaji anaimba haraka maradufu. Kwa wimbo wa taratibu anaweza, kwa wenye maneno mengi atajing'ata. Dawa ni kupunguza tamaa: rekodi fremu 30, onyesha kwa 25, pleibeki iwe asilimia 120. Mvua inakuwa nzito kidogo, kanzu inaelea, na mdomo bado ni wa binadamu. Tengeneza hilo faili la asilimia 120 nyumbani, badilisha kasi bila kubadilisha kimo cha sauti ili asichanganyikiwe. Jina la faili liandike kabisa "30fr_120" kwa sababu saa nane usiku mtu atapiga lile la kawaida.

Mvua yenyewe haionekani ikiwa mwanga unatoka upande wa kamera. Weka taa nyuma ya mwimbaji, juu, ikielekea kamera kwa mshazari, na nyuma yake pawe giza. Mpira wa bustani wenye kichwa cha kunyunyizia, urefu wa mita 4, matone makubwa. Ukungu wa matone madogo unaonekana kama moshi. Spika ifunikwe na mfuko wa nailoni mwembamba, sauti inapita. Taa za umeme wa nyumbani na maji zisikutane: tumia taa za betri, na jenereta iwe mbali, pakavu.

---

KayambaLaJuzi amejibu:

La pili nalichukua. Utamaduni upo na una mizizi mirefu. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na kule Mombasa, Juma Bhalo alijulikana kwa kuweka mashairi ya Kiswahili juu ya sauti za nyimbo za filamu za Kihindi. Ukumbini hakuna aliyekuwa anauliza. Filamu ni jambo lingine. Sauti ya wimbo ina mwenyewe, na kuiweka kwenye picha kunahitaji ruhusa ya mwenye wimbo, mbali na ruhusa ya rekodi. Ukipandisha mtandaoni, mfumo wa kutambua nyimbo unaweza kuinasa na mapato yakaenda kwa kampuni ya muziki, au video ikafungwa. Kubadilisha maneno hakusaidii.

Njia rahisi ni hii: shika lile jambo lililokuvutia, acha sauti yenyewe. Kama wimbo wa Kihindi ulikuvutia kwa ngazi ya noti tano, tunga upya juu ya ngazi hiyo, maana ngazi haina mwenyewe. Om Namasivaya ya Ilaiyaraaja imesimama juu ya ngazi ya Hindolam, noti tano zisizo na ri wala pa. Noti hizo zimekuwepo karne nyingi na kila mtunzi anachota. Mpe mpiga kanuni hizo tano, mwambie asiguse nyingine, muone kinatoka nini. Utunzi wenu mkiuandikisha kwenye taasisi za hakimiliki, Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA. Kibali cha filamu Bara ni Bodi ya Filamu. Nenda kabla ya kupiga picha, si baada.

---

Njuga7 amejibu:

Nyongeza ya sauti, kwa sababu jina langu linanidai. Toleo la Kitamil la Sagara Sangamam linaitwa Salangai Oli, yaani mlio wa njuga, na njuga ndizo kitu kisichorekodika pale pale. Pleibeki inazimeza. Filamu nyingi za ngoma huzirekodi baadaye, mtu anatazama picha na kukanyaga upya.

Mwimbaji wako hana njuga ila ana vitu vyake: pete inayogonga glasi, kanzu inayosugua kiti, mguu unaopiga mkeka, pumzi kabla ya mstari wa kwanza. Vyote vitakuwa vimezama chini ya pleibeki, na bila hivyo picha itaonekana kama video ya muziki iliyobandikwa ndani ya filamu. Baada ya kuhariri, kaa chumba chenye mapazia na magodoro, simu au kinasa sauti sentimita 30 kutoka kwenye kitu, rekodi kila mlio teki tano ukiangalia picha. Iweke chini sana, kiasi kwamba ukiizima ndipo unagundua ilikuwepo.

Sauti ya wimbo nayo isiwe ya studio tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Harusini mstari ule usikike kama unatoka kwenye spika mbovu ya ukumbini: punguza besi yote chini ya hezi 300, punguza juu ya 4,000, ongeza mwangwi kidogo na kelele za sahani. Studioni uondoe vyote, sauti ibaki kavu. Mtazamaji ataisikia tofauti kabla hajauona uso wa yule mtangazaji. Halafu pale tamashani, kama utakubali kutoweka wimbo, rekodi ukumbi: dakika mbili za watu wakikaa, viti vikivutwa, fundi akijaribu maikrofoni. Hiyo utaihitaji, na siku ya kupiga picha hakuna anayekumbuka kuirekodi.